Shilingi Ililia, Sisi Tukanyamaza

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sipendi kuandika habari za vifo. Marehemu hawezi kunisahihisha, na mimi nahitaji kusahihishwa mara kwa mara. Lakini juma lililopita nilipata barua kutoka Shinyanga, imeandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari la shule, ikinieleza kwamba mwenye duka wa Ibadakuli amefariki. Aliugua siku tatu, akakataa kupelekwa hospitali kwa sababu ulikuwa msimu wa pamba na wateja walikuwa wengi; siku ya nne akawaacha wateja wote kwa pamoja. Aliyeniandikia ni mtu wa Samuye ambaye mtamfahamu baadaye kidogo. Niliisoma barua hiyo nimesimama mlangoni mwa posta hapa Tabora, nikaisoma tena nimekaa, na sikuona haya kutokwa na machozi mbele ya watu waliokuwa wakinunua stempu. Jina la marehemu silitaji. Hakupenda kutajwa, na wanaomjua wameshamjua.

Nilimfahamu miaka michache baada ya vita, nilipopelekwa Ibadakuli kuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba. Kazi yangu ilikuwa kupima magunia na kutukanwa. Yeye alikuwa na duka dogo la udongo lenye paa la bati, na ndani yake chumvi, sukari, mafuta ya taa, viberiti, na vitambaa vya pamba, kaniki nyeusi na merikani nyeupe. Kabla ya hapo alikuwa Geita kwenye dhahabu, chini ya ardhi, miaka minane ya kulipua miamba kwa baruti. Wenzake walirudi kwao na gramafoni na hadithi. Yeye alirudi na mtaji, akauweka wote ndani ya kuta zile nne. Siku hizo Mwafrika kuwa na duka lilikuwa jambo la kutazamwa. Watu walikuja kununua chumvi ya senti kumi, na wakati huohuo kuchungulia kama limeshafilisika, ili wawahi kutoa pole.

Na kweli kilikuwepo cha kumfilisi. Miaka ile zilizuka shilingi za bandia, ambazo sisi tuliziita hela mbaya. Ilisemekana yuko fundi upande wa machimbo anayeyeyusha risasi na bati, akamimina kwenye kalibu ya udongo, akatoa shilingi ambayo mfalme wake alikuwa amevimba shavu na simba wake alifanana na mbuzi mwenye homa. Ukizitazama mchana kweupe ungezijua, lakini msimu wa pamba nani ana nafasi ya kumkagua simba? Wenye maduka makubwa mjini walipopata hela mbaya walilaani, wakaendelea na chai yao. Mwenye duka la kuta nne akipokea tano kwa siku, faida yake ya juma imekwenda. Akipokea juma zima, amerudi Geita chini ya ardhi. Aliniambia mara moja, bila kubadilisha uso, kwamba Geita hatarudi hata akiwa maiti. Nilidhani ni mzaha.

Kinga yake ilikuwa jiwe. Lilikuwa jiwe bapa la kusagia mtama, limelala juu ya meza ya duka upande wa mlango, mahali penye mwanga. Ukitoa shilingi hakuipokea mkononi. Alikuonyesha jiwe kwa kidevu, nawe ukaidondosha mwenyewe. Watu wote dukani walinyamaza, hata mama mwenye mtoto mgongoni alimziba mtoto mdomo. Shilingi ikaanguka; nzuri hulia, mbaya hugonga tu. Yeye akatulia kidogo, kisha akasema "Haya," akageuka kukupimia sukari yako. Au hakusema kitu, akaisukuma hela kwako kwa kidole kimoja, nawe ukaondoka ukitazama viatu vyako, kama ulikuwa navyo. Hakukosea. Sifa zake zilifika mbali, hata mfanyabiashara mmoja wa mjini akampelekea mfuko mzima wa shilingi kwa baiskeli, azipime kwa ujira. Alizirudisha. Alisema jiwe lake halifanyi kazi kwa hela isiyokuja na mwenyewe. Tuliokuwa barazani tulitikisa vichwa, tukaona hiyo ni hekima kubwa, na tulirudia maneno yale kwa wiki nzima bila kujua maana yake.

Alikuwa na mambo mengine ambayo tuliyapokea bila kuyauliza. Alisema kwa sauti kubwa, hata akikuambia siri. Alitaka uonyeshe kitu unachonunua kwa kidole. Ukimsalimu kwa nyuma hakuitika, na kwa hiyo wazee wa Ibadakuli, ambao kwao salamu ni kama chakula, walikubaliana kwamba hela ya Geita imemtia maringo. Siku moja radi ilipiga mti nyuma ya duka, sote tukalala chini, yeye akaendelea kupima chumvi na akatushangaa tunatafuta nini sakafuni. Tulisema ni mtu jasiri. Nilikuwa karani, nimesoma, na nilisema hivyo pamoja na wengine.

Sasa nikiri jambo langu mwenyewe, maana mwaka huu nimewahubiria ninyi wasomaji vya kutosha. Jioni moja nilikuta hela mbaya mfukoni mwangu. Sikujua imetoka wapi, ila nilijua mara moja inakokwenda. Nilijiambia kwamba mimi nimedhulumiwa, kwamba mshahara wa karani ni mdogo, kwamba mwenye duka ana shilingi nyingi na moja haitamuua. Mtu akitaka kuiba huwa wakili mzuri sana. Nikaenda dukani nikipiga mluzi, nikaomba sukari, nikaidondosha shilingi. Ilitoa mlio wa kokwa la embe. Hakuniaibisha. Dukani tulikuwa wawili tu. Akaisukuma kwangu kwa kidole, akanipa sukari.

"Karani," akasema, kwa sauti yake ileile ya kusikika mpaka barabarani, "hii si yako. Usimpe mwingine. Sukari utaleta kesho hela yake."

Nilipeleka kesho yake asubuhi kabla hajafungua. Sukari ilikuwa tamu kama siku zote, na hilo ndilo lililoniudhi. Shilingi ile mbaya nikaiweka kwenye kopo la wino, nikaapa kwamba sitatia tena neno katika habari yoyote ya hela, nzuri au mbaya. Kiapo hicho nilikishika vizuri mno, kama mtakavyoona.

Ulikuwa msimu uliofuata, asubuhi, gari la kuchukua pamba limechelewa, nasi wanaume sita au saba tumekaa kwenye baraza la duka tukilingojea. Akaja kijana mmoja kwa miguu kutoka upande wa Samuye, vumbi mpaka magotini. Akapita katikati yetu bila salamu. Kwa Msukuma kupita watu saba asubuhi bila kusema hata mwangaluka ni jambo la kutisha kuliko radi. Akaingia dukani, akaonyesha merikani kwa kidole, akasema anataka mikono minane. Akafungua kitambaa, akatoa shilingi nne nyeusi tititi. Macho yake yalikuwa chini na midomo ilikuwa ikimtetemeka. Akaidondosha ya kwanza.

Ililia. Nawaambieni wasomaji, ililia kama kengele ya misheni. Mimi niliisikia, na wote waliokuwa barazani waliisikia. Mwenye duka akamtazama kijana, akatulia muda mrefu kuliko kawaida, halafu akaisukuma shilingi kwa kidole.

"Mbaya," akasema.

"Yaya, baba," kijana akakataa kwa Kisukuma. "Si mbaya. Hela hii ni ya mama yangu."

"Hii nyeusi? Mama yako yuko wapi, aje atuambie kaitoa wapi?"

Kijana alizidi kutazama chini, na kutoka barazani mtu akasema, "Si mnamwona? Hata mama anamsingizia." Wawili wakamshika mikono. Shauri likaamuliwa papo hapo kwamba apelekwe kwa mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, na kesho apelekwe bomani Shinyanga, ambako kesi ya hela mbaya haikuwa mchezo. Mtu aliweza kuozea jela. Wakamchukua. Shilingi ilibaki juu ya jiwe kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana ameigusa. Nasi tuliobaki tukakaa tena barazani, kila mmoja akiwaza kwamba masikio yake yameanza kuharibika. Mwenye duka hakosei. Basi aliyekosea ni mimi. Na mimi zaidi ya wote, maana kama ningesema kitu kuhusu shilingi, angenitazama tu, na mimi ningejua anakumbuka nini. Nikakishika kile kiapo changu. Nilitazama barabara kama gari la pamba linakuja.

Aliyekuja ni mke wa mwenye duka, kutoka shambani, jembe begani. Alikuwa mama mnene, mpole, asiyependa kukaa dukani, na sisi wote tulimwamkia kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ambalo nalo nalihifadhi. Aliona shilingi juu ya jiwe, akauliza ni ya nani. Tukamweleza, kila mtu akitaka kueleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiokota ile shilingi, akaidondosha.

Ikalia tena.

Akatugeukia. "Ninyi mlikuwa hapa?"

Tukasema tulikuwepo.

"Na nyote mna masikio?"

Mzee mmoja aligundua kwamba ana haja ya kwenda kumtazama ng'ombe wake. Yule mama akazunguka meza, akasimama mbele ya mumewe uso kwa uso, akamshika mabega, akasema polepole, akifungua mdomo kwa kila neno, kama mtu anayemlisha mtoto. "Inalia. Baba, inalia. Mama yake amekufa alfajiri. Nimekutana na ndugu zake njiani wanamtafuta, alitumwa sanda. Hela ameichimbua ndani, kwenye chungu cha mama."

Ndipo nilipoelewa, na nilielewa kila kitu kwa mpigo: radi, salamu, kidole, na mfuko wa shilingi uliorudishwa mjini. Mwenye duka alikuwa kiziwi. Jiwe lilikuwa letu sisi, tuangalie. Yeye alikuwa akitutazama nyuso. Tena nikaelewa kilichomponza kijana. Watu wa huko walikuwa na adabu kwamba msiba hautajwi dukani asubuhi, usije ukamtia mwenye duka mkosi wa siku nzima. Yule kijana, na mama yake amelala ndani, alikuwa amefunga mdomo kwa heshima ya biashara ya mtu asiyemjua. Hata alipoulizwa mama yuko wapi, aliona ni afadhali aitwe mwizi kuliko amharibie mwenzake siku.

Mwenye duka alichukua jora la merikani na mkasi, akatoka bila kufunga mlango, nami nikamfuata kwa sababu kukaa kulikuwa kumenishinda. Kwa mwanangwa tulikuta watu wengi. Kijana amekaa chini, mikono imefungwa kwa kamba ya magunia yangu ya pamba. Mwenye duka akasimama katikati.

"Mfungueni," akasema. "Hela yake ni nzuri. Mbaya ni mimi."

Mwanangwa akamuuliza maana yake nini. Mwenye duka akamtazama mdomo mpaka mwisho, kisha akajibu.

"Mimi sisikii. Baruti ya Geita ilichukua masikio yote mawili. Lile jiwe mimi silisikii, sijawahi kulisikia. Naangalia mtu wakati hela inaanguka. Mwenye hela mbaya anaangalia jiwe. Mwenye hela nzuri anaangalia chumvi yake. Huyu kaangalia chini, anatetemeka, nikaona mwizi. Kumbe ni mfiwa."

Mwanangwa, ambaye naye alikuwa mteja, aliinama mbele kwenye kiti chake.

"Unajua unalolisema mbele ya watu wote hawa? Kesho kila mwenye hela mbaya atakuwa mlangoni kwako."

"Najua."

"Na duka?"

"Duka ni langu," akasema. "Mama ni wa huyu."

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwake yeye kilichomuumbua hakikuwa kifo chake bali cha mama wa mtu mwingine, na alikwenda kuumbuliwa kwa miguu yake, akijua gharama. Sijaona tena mtu akitoa kinga yake yote namna ile kwa ajili ya jina la mtu ambaye hata salamu hakumpa. Akapima mikono minane pale pale, akaongeza miwili, akasema ni bure. Kijana akakataa. Alisema mama yake hazikwi kwa nguo ya msamaha. Alitoa shilingi zake tatu na kudai ile ya nne, na nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa nimeichukua juu ya jiwe bila kujua. Nikampa. Akamwekea mwenye duka zote nne mkononi, naye akazipokea bila kumtazama usoni. "Wabeja, baba," kijana akashukuru. Kesho yake duka lilifungwa kutwa, mwenyewe akiwa mazikoni Samuye.

Wale aliowataja mwanangwa hawakuchelewa. Baada ya siku chache walifika vijana wawili kwa baiskeli, kofia za rangi ya feruzi vichwani na maneno ya machimboni mdomoni, wakaomba sigara. Walikuwa wameshapata habari. Wa kwanza alipodondosha shilingi yake hakuangalia jiwe hata kidogo. Alikodolea macho gunia la chumvi kwa mapenzi ambayo sijayaona kwa mtu yeyote mwenye akili timamu. Ile hela ikaanguka, ko. Mwenye duka akamtazama, akaona uso mweupe usio na hatia kabisa, akasema, "Haya," akageukia sigara. Nyuma yao alikuwepo mama mmoja na chupa ya mafuta ya taa. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akanitazama mimi. Kisha akapenya mbele, akasimama pale ambapo mwenye duka angemwona mdomo.

"Baba, hailii."

Mwingine akasema, "Hailii." Halafu watu kama kumi, na safari hii na mimi nikiwemo, ingawa nilikuwa wa nne au wa tano. Wale vijana waliondoka kwa haraka iliyomfanya mmoja asahau kofia. Ilitundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na nilipohamishwa miaka miwili baadaye ilikuwa bado pale, kofia nzuri tu. Tangu siku hiyo desturi ya duka ilibadilika. Hela ilipoanguka, mwenye duka aliangalia watu na si mtoaji, na watu wakajibu kwa pamoja, "Inalia," mkubwa kwa mdogo. Watoto waliotumwa kiberiti waliitikia. Ukweli ule, ambao mimi niliogopa, na bila shaka yeye pia, kwamba utamfilisi, ulimpa masikio mengi kuliko aliyoyapoteza Geita.

Nimeyasema haya si kwa ajili ya marehemu peke yake. Napokea barua kutoka kwa wenye maduka madogo wa Kahama, Nzega mpaka Chato, wakiuliza watajikingaje na hela za bandia, na sasa na stakabadhi za pamba zilizoghushiwa. Mmoja ameniuliza kama kuna mashine. Huenda ipo, huko Ulaya kuna mashine ya kila kitu. Lakini mimi niliona jiwe bora kuliko yote katika Usukuma, na mwenye jiwe aliyesifiwa kuliko wote, na siku jiwe liliposema kweli hapakuwa na mtu wa kumwambia mwenyewe. Tapeli hamshindi mwenye duka. Humshinda pale tu watu waliosimama nyuma yake wanaposikia vizuri na kuangalia barabara. Na asiye na hatia huumizwa kwa njia ileile. Nadhani hilo halihusu maduka tu, ila mhariri wangu hupenda niishie kwenye maduka.

Mtu wa Samuye, ambaye sasa mmeshamfahamu, ananiandikia kwamba kwenye matanga walilitoa jiwe nje, wakaliweka penye mlango. Kila aliyeleta rambirambi aliidondosha, na waliokaa wakaitika. Anasema mjane ataendelea na duka. Anasema pia, katika mstari wa mwisho, kwamba ananikumbuka nilivyokuwa nimekaa barazani. Hakuongeza kitu, na sikuhitaji aongeze.

Nilikusudia kutuma rambirambi yangu kwa hawala ya posta. Nilikuwa nimeshafika dirishani. Lakini karatasi hailii juu ya jiwe, na watu wale wangelazimika kuniamini, jambo ambalo wana sababu ya kutolifanya. Kwa hiyo nimeomba ruhusa ya siku nne, nami nitapanda treni ya Alhamisi. Nitasimama kwenye mstari kama wengine, nitadondosha shilingi yangu, na nitangoja waseme. Na aliye mbele yangu akikataliwa ilhali nimesikia imelia, safari hii nitasema wa kwanza.